Haki ya Mtani

Kwenye hoteli moja ya Diani, ambayo sitaitaja kwa sababu sitaki kuitangaza bure, kuna kibao cha mbao kilichochongwa vizuri. Kinasema kwamba humo ndani wageni hufundishwa hekima ya wahenga kwa maisha ya leo. Ukipita asubuhi utawaona wamekaa kwenye mikeka kando ya bwawa la kuogelea, macho wameyafumba, moshi wa ubani ukiwapitia usoni. Anayewafundisha ni Hamisi, mtoto wa marehemu kaka yangu. Huvaa kaniki na kidani cha kauri, vitu ambavyo nyumbani kwao sijapata kuviona hata siku moja.

Kila nikikiona kibao hicho damu hunichemka. Hunijia sura ya mzee mmoja wa Mkongani, ambaye hekima hiyo alikuwa nayo mwilini kama alivyokuwa na mikono, na ambaye Hamisi huyu huyu alimpeleka polisi. Nitamwelezea mzee yule nilivyomjua. Anayetaka kufumba macho na afumbe, lakini asikilize.

Sisi tulimwita Mtani, basi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo na watu wa msikitini walilitumia, ila kwetu halikuwa na kazi. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, na asiyejua utani ni nini bora nimweleze mapema. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukucheka na kukuchukulia kitu chako ukiona, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Wewe pia unayo haki hiyo hiyo kwake. Na kazi yake kubwa huwa msibani, siku ambayo watu wengine wote wanakosa la kusema.

Msiba ukitokea kwetu, Mtani alikuwa akishuka kutoka Mkongani kabla hata turubai halijafungwa. Jeneza likiinuliwa kupelekwa makaburini, yeye alilala chini mbele yake, kanzu yake nyeupe juu ya mchanga. "Haendi mtu," alikuwa akisema. "Huyu alikuwa mchoyo wa tui. Wali wake ulikuwa mkavu, ukila unakwaruza koo. Kabla hamjamficha, nani mwingine ana la kusema juu yake?" Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na waliokuwa na kinyongo na marehemu walikisema pale pale, kikaisha. Kisha alipewa kikombe cha kahawa, akainuka, akajipangusa, akawa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza.

Siku ya kifo cha baba nilimchukia, sitaficha. Nilikuwa msichana, na mtu mzima alikuwa amekaa mlangoni kwetu akiigiza baba anavyokoroma msikitini wakati wa hotuba ya Ijumaa. Aliigiza vizuri mno. Nikajikuta nacheka, na katikati ya kicheko ndipo kilio kilipokuja, kilio chenyewe, kile ambacho tangu alfajiri kilikuwa kimekataa kutoka. Mtani aliponiona nalia alinyamaza, akageuka upande wa pili, akaanza kumtukana mjomba.

Mtu angedhani mzee mwenye ulimi kama ule alikuwa mtundu kila siku. Hapana. Siku za kawaida alikuwa mpole hadi anachosha. Alibisha hodi hata kwenye nyumba isiyokuwa na mlango, akangoja nje juani mpaka aitikiwe. Aliswali safu ya kwanza, na sauti yake nyumbani ilikuwa ya chini mno hata kuku wake walikuwa hawamsikii. Nilimuuliza siku moja inakuwaje mtu wa swala tano afungue kinywa namna ile mbele ya maiti. Alishangaa kuulizwa. Akaniambia kwamba hatoki nyumbani kwenda msibani bila kutawadha na kuswali rakaa mbili.

"Matusi bila udhu ni matusi tu," alisema. "Yatakuingia wewe mwenyewe."

Kulikuwa na ustadh mmoja kijana aliyempinga kwenye mimbari, akasema mambo hayo ni ya watu wa kale wasioijua dini. Mtani alikaa pale mbele, akasikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono baada ya swala na kumuombea dua. Mama mkwe wa ustadh yule alipofariki, watani wa ukoo wao hawakuja. Ustadh mwenyewe alituma mtu Mkongani kuuliza kama Mtani angeweza kufika. Alijibu kwamba yeye si mtani wao, haki hiyo hana, na haki usiyokuwa nayo ukiitumia unakuwa mhuni. Hapo alikuwa mkali. Hakuwahi kutania mtu asiyemhusu, hata kwa kicheko kidogo dukani.

Alikuwa pia na vituko vyake, na nitavisema kwa kuwa yeye angevisema vyangu. Aliogopa sindano kuliko kaburi. Aliwahi kushuka kitandani hospitalini Msambweni na kurudi kwao kwa miguu, akidai amepona njiani. Halafu yeye, aliyemcheka kila mtu, hakupenda kuguswa kofia yake. Ilikuwa kofia ya vito, kazi ya mkono, aliyoshonewa na marehemu mkewe. Uzi wake ulikuwa umeanza kuwa wa rangi ya chai. Ungeweza kumcheka meno, miguu, hata shamba lake la mihogo iliyodumaa, akakujibu kwa tusi tamu zaidi. Ukiitazama kofia sana alikunja uso.

Lakini la kumwonyesha vizuri ni sufuria. Alikuwa na desturi, akitoka msibani, ya kubeba sufuria kubwa ya nyumba iliyofiwa. Aliitungua ukutani bila kuomba, akaiweka kichwani juu ya ile kofia na kuondoka, huku wenye nyumba wakimpigia kelele za mwizi. Jiko la wafiwa haliwashwi siku za matanga, majirani ndio wanaopika, kwa hiyo sufuria ile haikuwa na kazi. Siku ya kuanua matanga alirudi nayo imejaa chakula, mihogo ya nazi aliyoipika mwenyewe, akaiketisha juu ya mafiga na kusema, "Haya, washeni moto, mmelala vya kutosha." Tangu hapo nyumba ilikuwa na ruhusa ya kuishi tena. Sisi tulikuwa tukiyaona hayo ya kawaida tu, kwa kuwa tulidhani yatakuwepo siku zote.

Wala hakungoja kifo. Hoteli aliyokuwa akifanya kazi mume wangu ilipofungwa, mume wangu alijifungia ndani. Alivaa shati lake la kazi lenye nembo, akakaa sebuleni kutwa, hataki kuonana na mtu. Nilimbembeleza nikachoka. Mtani akaja, akabisha hodi, akakaa kwenye kiti cha mume wangu.

"Bwana mkubwa wa Diani," alimwambia, "nimekuja uniajiri. Kukaa kama wewe naweza, tena mimi nitakaa bila kukunja uso."

Alimvua shati lile, wakivutana kweli, akaenda nalo. Baada ya siku chache tukasikia amelivisha mti katikati ya shamba lake kufukuzia ndege. Mume wangu alitoka nyumbani kwa hasira kwenda kulifuata. Alirudi jioni ameshika jembe la kuazima, magoti yana udongo, akaniomba chakula. Hakuna aliyemfumbisha macho kwenye mkeka.

Basi kaka yangu alifariki. Alilala usiku akiwa mzima, asubuhi hakuamka. Mama yetu alikuwa bado hai, na yuko hai hadi leo, na kwa mzazi kumzika mwanawe sina maneno ya kueleza. Alikaa kwenye kona ya chumba, kanga imefunika kichwa, hakulia. Hamisi ndiye aliyesimamia mazishi. Alileta viti vya kukodi, vipaza sauti, na mshereheshaji kutoka Ukunda wa kuongoza shughuli, kijana mwenye miwani ya jua aliyekuwa hamjui marehemu hata kwa picha.

Mtani alifika, akalala mbele ya jeneza kama kawaida yake. Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mzee mmoja amezidiwa na joto, apishwe. Mtani akafumbua jicho moja akamwambia kwamba aliyezidiwa ni yeye na miwani yake. Watu wakaanza kucheka. Hamisi akaja mbio.

"Shangazi, mwondoe huyu mzee," aliniambia. "Ananiharibia programu. Kuna wakubwa wangu wa hoteli hapa."

"Huyu ni Mtani," nikamwambia. "Unamjua. Alikubeba mgongoni."

"Mambo hayo yana mahali pake, shangazi. Si hapa."

Sikuamini masikio yangu. Kama si msibani, ni wapi? Vijana wakamwinua Mtani kwa kwapa, wakamweka pembeni kama gunia, na jeneza likapita. Mtani alijipangusa mchanga. Akaingia jikoni kwa mama, akatungua sufuria kubwa, akaiweka kichwani, akaondoka. Hamisi akapiga simu.

Ningesema aliyefanya hivyo ni mgeni wa bara asiyejua mila zetu ningepata pa kutua hasira yangu. Ni damu yetu. Kijana aliyelishwa mihogo ya nazi kutoka kwenye sufuria ile ile alisimama kituo cha polisi na kuandikisha kwamba mtu amevamia mazishi na kuiba chombo. Walimkamata Mtani barabarani, sufuria ikiwa kichwani. Nilipofika kituoni nilimkuta ameketi sakafuni nyuma ya nondo, miguu mitupu, kwa kuwa viatu walikuwa wamemvua. Askari wa zamu, mtu wa magharibi ya nchi, alinisikiliza nikieleza kuhusu utani mpaka nikamaliza.

"Mama, hata kwetu wapo watu wa namna hiyo," alisema. "Nilimuuliza yule kijana, mzee huyu ni nani kwenu? Akaniambia hamjui."

Hilo neno moja ndilo lililonichoma kuliko yote. Askari alimwachia Mtani kwa dhamana yangu, lakini sufuria ilibaki pale kama kielelezo, mpaka mlalamikaji aje mwenyewe kufuta malalamiko. Mtani alitoka, akavaa viatu pole pole, akaninyooshea mkono.

"Ahsante sana, mwanangu," alisema. "Mungu akulipe. Utani baina yetu umekwisha."

Mama aliposikia habari hiyo alisema maneno machache tu. Sufuria haijarudi, kwa hiyo matanga hayajaanuliwa, na moto wake hauwashi. Tulidhani ni hasira za siku mbili. Mwezi ukapita. Alikula kwa majirani, tena kidogo, kisha akaacha kwenda, tukawa tunampelekea naye anasukuma sahani. Alikuwa hasemi, halii, anakonda mbele ya macho yetu. Hamisi alishauri tumpeleke kwa mtaalamu wa mambo ya akili, na pengine ni ushauri mzuri kwa mwingine. Mimi nilijua mama yangu anangoja nini.

Nilimpigia Hamisi simu aende kufuta malalamiko. Akasema ana wageni wiki nzima. Nikampigia tena, akasema vivyo hivyo. Basi nikapanda gari mpaka Diani, nikapita kwa mlinzi ambaye ni jirani yangu, nikaenda moja kwa moja bwawani. Nilimkuta na kaniki yake, chetezo kinafuka, wageni wameshika vifua vyao.

"Unawafundisha nini?" nikamuuliza.

"Shangazi, tafadhali, sauti."

"Nimekuuliza unawafundisha nini."

Akaangalia pembeni. "Leo ni somo la kusamehe," alisema.

Nilivua viatu, nikaketi kwenye mkeka katikati ya wageni wale, na buibui langu. Nikamwambia sitaondoka mpaka aende kituoni, na kama anataka nitawaeleza wanafunzi wake habari ya mzee na sufuria, Kiingereza changu kibovu kitatosha. Alikwenda mchana huo huo, na hiyo kaniki yake. Sufuria ikarudi nyumbani. Nilidhani kazi imekwisha, lakini mama aliitazama ikiwa tupu, akageuza uso ukutani. Polisi hawakuwa na haki ya kuirudisha.

Nikapanda bodaboda kwenda Mkongani. Mtani alikuwa barazani akichambua kunde. Nilianza tangu mbali, kwa desturi yetu.

"Wewe mzee, fisi wamekukataa? Au wamekuonja wakakutema?"

Aliinuka, akafuta mikono. "Karibu, mwanangu. Karibu mkekani. Nyumbani hawajambo?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimtukana tena, nikamcheka mihogo yake, nikamwambia mkewe alikufa kwa kuchoka kuangalia miguu yake. Aliitikia kwa adabu. Aliniletea maji kwenye bilauri safi, akaniita Bi, akauliza habari za watoto. Katika maisha yangu yote mzee yule hakuwahi kuniheshimu, na siku ile aliponiheshimu nilitaka kulia. Nilimweleza hali ya mama. Aliinamisha kichwa, akasema atamuombea dua, lakini kuja hawezi. Nyumba iliyosema haimjui, alisema, hana haki ya kuiingilia.

Kukaadhiniwa adhuhuri. Alivua kofia, akaitundika kwenye mwiba wa mlimau, akaenda nyuma ya nyumba kutawadha.

Nilisimama nikaitazama ile kofia. Haki ya mtani ni ya pande zote mbili, na mimi yangu sikuwa nimeivua. Niliitwaa, nikaiweka kichwani juu ya mtandio, nikamwambia wa bodaboda aondoe. Tulipopita nyuma ya nyumba nilimwona amesimama na kopo la maji, kichwa kitupu, ananiangalia. Hakupiga kelele. Njia nzima niliishikilia kofia kwa mkono mmoja, kwa sababu ikiwa utani umekwisha kweli, basi nilikuwa nimemwibia mgane kumbukumbu ya mkewe.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa mama. Hodi ikabishwa. Mama hakuitikia, nami nikanyamaza kwa makusudi. Ikabishwa tena, na Mtani akaingia, kichwa wazi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amepita Kwale mjini na Kombani nzima bila kofia, na watu wamemwona. Alisimama katikati ya chumba akamkabili mama yangu.

"Kizee," alisema, "umezaa watoto wawili. Mmoja mwizi wa kofia. Mwingine mvivu, mvivu kupita kiasi. Hata kufa kumemshinda kufanya kwa bidii, amekufa amelala."

Nilimwona mama akikunja midomo, mabega yakatikisika. Akacheka, kicheko kikavu kilichosahau njia, kisha akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka na kumlilia mwanawe kwa jina. Alilia muda mrefu. Mtani aligeuka upande wa pili akaanza kunitukana mimi, na sauti yake pia ilikuwa inakatika.

Mama alipojifuta uso, Mtani alitungua sufuria, akaiweka kwenye kile kichwa kitupu, akatoka nayo uani. Mama akainuka. Mtu aliyekuwa hata chooni anashikwa mkono alitoka kwa miguu yake, anampigia kelele arudishe chombo chake, mwizi, mlafi. Nje kulikuwa na mihogo ya nazi aliyokuja nayo, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Aliimimina kwenye sufuria, na mama mwenyewe akainama akapuliza moto.

Alipotaka kuondoka aliidai kofia. Mama alikuwa ameichukua kwangu, ameikalia.

"Huipati," alimwambia. "Njoo uifuate siku nyingine."

"Nitaijia, kizee. Na siku hiyo nitakuchukua na mkeka wako."

Hakuwahi kuijia. Aliugua mwanzo wa masika, akaikimbia sindano mara ya mwisho, akafia kwake. Tulimbeba mama mpaka Mkongani, akaketi mlangoni mbele ya jeneza, akasema mwizi huyu haendi mahali kabla hajalipia sufuria. Walimpa kahawa. Akainywa yote, bila haraka, huku wanaume wamesimama na jeneza mabegani.

Kofia iko kwa mama, imetundikwa msumarini karibu na sufuria. Wiki iliyopita Hamisi alikuja kuiulizia. Anataka kuiweka kwenye kabati la kioo pale hotelini, pamoja na maelezo mafupi kuhusu mila ya utani, wageni wajifunze. Alikuwa na adabu sana, akaniita shangazi kila neno. Nimemwambia ajaribu kuigusa. Safari hii polisi nitawaita mimi, na wakiniuliza huyu kijana ni nani kwenu, nitawaambia simjui.